Mkupuo wa kustaafu: hatifungani kwa jina lako, au vipande vya mfuko?

Anayestaafu Tanzania siku hizi anatoka na mkupuo mdogo kuliko aliokuwa akiuhesabu kichwani miaka yote ya kazi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza Julai 2022 kiliuweka kwenye asilimia 33. Mwaka 2024 kikalegezwa: waliokuwa wakilipwa nusu zamani wakapandishwa hadi asilimia 40, na waliozoea asilimia 25 wakafika 35. Kilichobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi. Ina maana fedha inayoingia kwa mara moja ikipotea haina mbadala, na wakati huohuo shemeji ana wazo la bodaboda, mtoto wa kaka ana wazo la kuku, na kila mmoja anataka jibu wiki hii.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kukataa kuku na kuamua kwamba sehemu ya mkupuo ataikopesha Serikali. Sasa yuko njia panda. Anaweza kwenda mnadani Benki Kuu na kununua hatifungani kwa jina lake. Anaweza pia kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS ulioanzishwa mwaka 2019, ambapo meneja ananunua hatifungani nyingi kwa fedha za watu wengi.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi inalipa zaidi. Mimi ningeliweka swali hilo mbali kidogo. Kwa mstaafu, la kwanza ni hili: shilingi gani nitaihitaji tarehe gani? Ukilijibu hilo, zaidi ya nusu ya uamuzi imekwisha kujiamua.

Hatua ya 1: Tafuta pengo lako

Chukua karatasi. Andika matumizi ya mwezi yasiyokwepeka: chakula, dawa, umeme, maji, ada ya mjukuu kama umeibeba. Toa pensheni yako ya mwezi. Kinachobaki ndilo pengo.

Tuseme mwalimu mstaafu anatumia 900,000 na pensheni yake ni 500,000. Pengo ni 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Namba hiyo ndiyo inayotafutiwa kazi. Asiyeijua hununua hatifungani ya fedha zote alizonazo kwa sababu tu riba inavutia, kisha paa likivuja mwezi wa tatu anaanza kumtafuta dalali.

Hatua ya 2: Jua unachonunua hasa

Hatifungani ya Serikali ni mkopo wenye tarehe. Benki Kuu huuza za miaka 2, 5, 10, 15, 20 na 25, na kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Inalipa riba, ambayo wenyewe wanaiita kuponi, mara mbili kwa mwaka. Kuponi haibadiliki hata dunia ipinduke. Siku ya kuiva unarudishiwa kiasi kilichoandikwa. Kwa hizi za muda mrefu, riba haikatwi kodi ya mapato.

Kipande cha mfuko hakina tarehe ya kuiva. Hatifungani zilizomo ndani zinaiva, meneja ananunua nyingine, na maisha yanaendelea. Kwa hiyo faida ya mfuko hufuata soko: riba za nchi zikipanda, nayo hupanda taratibu, na zikishuka huteremka nazo. Hakuna aliyekuahidi kiasi. Ulichopewa ni mlango wa kutokea: unajaza fomu au unabonyeza simu, na fedha inakuja baada ya siku chache. Kingine ni kianzio kidogo. Mfuko wa UTT niliotaja unaanzia shilingi 50,000 kwa anayekuza mtaji, milioni 5 kwa anayetaka gawio kila nusu mwaka, na milioni 10 kwa anayetaka la kila mwezi.

Utasikia pia kwamba mfuko unatawanya hatari. Kwenye vitabu vya nchi zenye maelfu ya kampuni zinazokopa, kweli. Hapa kwetu sehemu kubwa ya hatifungani zilizomo ni za Serikali ileile ambayo ungeikopesha mwenyewe, pamoja na amana za muda maalumu kwenye mabenki. Ukiogopa kwamba Serikali haitalipa, mfuko hautakuficha. Mtawanyo una maana zaidi ukitaka hatifungani za kampuni na taasisi, mfano ile ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya mwaka 2024, ya miaka 10 kwa asilimia 13.5. Huko kuweka mayai yote kwa mkopaji mmoja ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya bei kabla hujasaini popote

Hapa ndipo watu wengi wanateleza, kwa hiyo twende polepole.

Aprili 2021 Serikali ilitoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, kuponi asilimia 15.95. Mwaka 2022 za miaka hiyohiyo 25 zilikuwa zikitolewa kwa asilimia 12.56. Mkopaji yuleyule, muda uleule. Sasa fikiri: nani atakuuzia ile ya 15.95 kwa bei ya kawaida wakati soko linatoa 12.56? Hakuna. Bei yake inapanda mpaka mnunuzi abaki na faida inayolingana na ya soko. Ukipiga hesabu ya miaka 25, yenye thamani ya milioni 10 inafika takriban 12,570,000.

Geuza. Umenunua ya 12.56, kisha soko likarudi kudai 15.95. Ukitaka kuiuza utapata karibu 7,920,000 kwa milioni 10 uliyoweka. Zaidi ya milioni 2 zimeyeyuka, na Serikali haijakosa kukulipa hata kuponi moja.

Asiyeuza hajapoteza kitu. Kuponi yake inaingia vilevile na mwisho anapewa milioni 10 zake. Huo ndio uzuri wa hatifungani kwa jina lako: bei ya soko inakuhusu siku ile tu unapolazimika kuuza. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha hulazimiki. Na kama dharura imekuja kweli, kumbuka kwamba hatifungani ya Serikali inakubalika benki kama dhamana ya mkopo. Mkopo mfupi wakati mwingine unauma kidogo kuliko kuuza soko likiwa chini.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa wale wanaonunua ghali. Ukilipa 12,570,000 kwa hatifungani ya milioni 10, kuponi ya 1,595,000 kwa mwaka inaonekana tamu. Lakini siku ya kuiva utarudishiwa milioni 10, basi. Ile 2,570,000 ya juu imekuwa ikirudi kidogo kidogo ndani ya kuponi, kama 103,000 kila mwaka. Ukizila zote, umekula mtaji ukidhani ni riba. Mzee aliyenunua kwa bei ya juu ya 100, yaani aliyelipa zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 zilizoandikwa, atenge kiasi hicho kila mwaka na kukirudisha kwenye akiba.

Je, mfuko haupandi na kushuka namna hii? Inategemea mfuko unavyohesabu thamani, na tutarudi hapo kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Gawa mkupuo kwa kazi, si kwa kupenda

Turudi kwa mwalimu wetu. Ana mkupuo wa milioni 60 na pengo la 4,800,000 kwa mwaka. Tuseme hatifungani anazoweza kununua kwa bei ya karibu na 100 zinalipa asilimia 14 (weka kiwango cha siku yako). Milioni 36 zinamletea 5,040,000 kwa mwaka. Pengo limezibwa, na riba ikishuka nchini kesho kutwa yeye hatikisiki.

Kutotikisika huko kuna thamani, na majirani zetu wa Kenya wameiona. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 ilitoka kwa asilimia 18.4607, bila kodi. Mwaka 2025 riba za dhamana za siku 91, yaani mikopo mifupi ya Serikali, zilikuwa zimeporomoka hadi chini ya asilimia 9, na faida za mifuko ya soko la fedha, inayowekeza kwenye mikopo mifupi kama hiyo, zikashuka nazo. Aliyekuwa na hatifungani mkononi aliendelea kupokea 18.46 yake kana kwamba hajasikia habari. (Wakenya wanaosoma hapa: kwenu mlango ni DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu yenu, kianzio ni shilingi 50,000 za huko, na riba za hatifungani za kawaida hukatwa asilimia 15, au 10 kwa zile za miaka 10 na kuendelea. Hesabu baada ya kodi, ndipo ulinganishe.)

Milioni 24 zilizobaki zisiende mnadani. Hapa ndipo mfuko unapostahili. Milioni 6 zikae mahali pa kuchukulika haraka sana: akaunti ya benki au mfuko wa ukwasi, kwa ugonjwa, msiba na paa. Milioni 18 ziende kwenye mfuko wa hatifungani, kwenye mpango wa kukuza na si wa gawio.

Kwa nini zikuzwe wakati mtu amekwisha kustaafu? Kwa sababu ya mfumuko wa bei. Kuponi ya hatifungani haiongezeki. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, matumizi ya 900,000 yanakuwa 1,332,000 baada ya miaka 10. Pensheni isipoongezwa, pengo limetoka 400,000 hadi 832,000. Angalia vizuri: bei zimepanda chini ya nusu, lakini pengo limeongezeka maradufu, kwa sababu ongezeko lote linaangukia upande wako. Kuponi bado ni ileile, 420,000 kwa mwezi. Zile milioni 18, zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka bila kuguswa, zitakuwa zimefika karibu milioni 46.7, na ndizo zitakazoziba pengo la pili.

Nimeona watu wakishauriana kuweka yote kwenye hatifungani ya miaka 25 kwa sababu ndiyo yenye kuponi kubwa. Kwa milioni 60, mwalimu angepata 8,400,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya anachohitaji. Angekula zote. Tunaishi na watu, na fedha inayoonekana ina wenyewe.

Hatua ya 5: Ukienda mnadani

Fungua akaunti ya CDS kupitia benki ya biashara au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Akaunti hiyo ndiyo daftari linalosema hatifungani ni yako. Hakuna cheti cha kuning'iniza ukutani. Hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki itakayopokea kuponi, maana wengi wa kizazi hiki wana majina matatu kwenye karatasi tatu.

Benki Kuu hutangaza ratiba ya minada, na minada hufanyika Jumatano. Wewe mwenye fedha ya wastani omba kwa njia isiyo ya ushindani: hutaji bei, unapewa bei ya wastani waliyoshinda nayo wakubwa. Inakuokoa kubishana na mabenki, lakini maana yake ni kwamba hujui mapema utalipa ngapi kwa kila 100. Wastani ukitoka 104, milioni 12 zitakugharimu 12,480,000. Kwa hiyo usiombe kiasi kinachomaliza salio lote.

Njia nyingine ni soko la upili, yaani kununua kutoka kwa mwenye nayo kupitia dalali. Hapa unaona bei kabla ya kukubali, na unaweza kupata iliyobakiza miaka 8 au 12 badala ya kulazimika kuchukua 25. Kwa mwenye miaka 60, hilo ni jambo la kufikiria: ya miaka 25 itaiva akiwa na 85. Utamlipa muuzaji pia riba iliyokwisha kujikusanya tangu kuponi ya mwisho, kisha itakurudia kuponi inayofuata itakapoingia yote kwako. Si gharama, lakini jiandae nayo siku ya kulipa. Na ujue kwamba biashara kubwa sokoni iko kwenye za miaka 20 na 25. Zile fupi zinaweza kukungojesha, kununua na kuuza.

Hatua ya 6: Kabla ya vipande, uliza maswali manne

Kwanza, meneja amesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Asiyesajiliwa, aga uende, hata kama anasali msikiti mmoja na wewe au kanisa moja.

Pili, makato ya mwaka ni asilimia ngapi, na kuna makato ya kuingia au kutoka? Asilimia 1 inayotoka kila mwaka si ndogo kwa miaka 20.

Tatu, ndani mna nini? Mfuko unaoitwa wa hatifungani unaweza kuwa na fungu kubwa la amana za benki. Si vibaya, lakini inaeleza kwa nini faida yake iko chini ya kuponi ya miaka 25 uliyoisoma gazetini.

Nne, na hili hulisikii likiulizwa: mnathamini hatifungani kwa bei ya soko ya siku, au kwa gharama ya kununulia pamoja na riba inayokua? Mfuko wa namna ya pili unaonyesha kipande kikipanda kila siku kwa mstari ulionyooka. Inatuliza moyo. Lakini utulivu huo ni wa daftari, kwa sababu hatifungani zilizomo zinapanda na kushuka kama zako. Watu wengi wakitoka kwa mpigo, meneja atalazimika kuuza kwa bei halisi. Ghana waliishi hivyo hadi mwaka 2022, mamlaka yao ilipoagiza mifuko ihesabu kwa bei ya soko, na wenye vipande wakaona thamani ikianguka kwa hatifungani zilezile.

Na kwa kuwa tumefika Ghana, tusiwasahau wenye hatifungani kwa majina yao. Serikali ya huko ilipotangaza Desemba 2022 mpango wa kubadilisha madeni ya ndani, wastaafu walikwenda kuketi Wizara ya Fedha mjini Accra kupinga, na Februari 2023 aliyekuwa Jaji Mkuu, Sophia Akuffo, aliungana nao. Mwishowe wastaafu waliachwa nje ya mpango huo. Siisemi kutisha. Naisema kwa sababu neno "haina hatari kabisa" linatajwa sana kwenye vikao vya kuuza uwekezaji, na ni sababu nyingine ya kutoweka mkupuo wote kwa mkopaji mmoja, hata akiwa Serikali.

Hatua ya 7: Panga miezi

Kila hatifungani inalipa mara mbili, miezi sita mbali. Ukinunua moja ya milioni 36, utapokea 2,520,000 Januari na Julai, na kati yake ni kiangazi. Nunua tatu za milioni 12: moja inayolipa Januari na Julai, ya pili Machi na Septemba, ya tatu Mei na Novemba. Kila baada ya miezi miwili inaingia 840,000. Miezi ya kuponi inatokana na tarehe ya kutolewa, kwa hiyo mwambie dalali unataka mwezi gani. Ukitaka kila mwezi, ni sita. Kwa mtaji wa milioni 36 sioni haja, tatu zinatosha.

Ikichukua nusu mwaka kuzikamilisha, sawa. Fedha inayosubiri mnada isubiri kwenye mfuko, inaingiza kitu huko.

Hatua ya 8: Waonyeshe wa nyumbani

Andika kwenye karatasi moja: namba ya akaunti ya CDS, jina la benki au dalali, namba ya hatifungani na tarehe yake ya kuiva, namba ya akaunti ya mfuko. Mpe mwenza wako au mtoto unayemwamini nakala. Ukifariki, fedha hizi zitaachiwa kupitia msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na familia isiyojua kuwa kuna hatifungani haitaiombea mirathi. Wakati wa kufungua akaunti, uliza kama unaweza kuifungua kwa majina mawili, na kama wana fomu ya mrithi, ijaze siku hiyohiyo.

Baada ya hapo, kila Januari rudia hatua ya 1 kwa bei mpya za sokoni. Pengo likikua kupita kuponi, punguza vipande kwa tofauti hiyo tu, na uache vingine vilale.